Kabla ya kununua besi mpya, fungueni stoo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba magita ya besi yanayouzwa siku hizi hapa Lubumbashi hayadumu, na kwamba makanisa hayana budi kuchangisha fedha kila mara ili kununua mapya. Uchungu wake naufahamu, maana hakuna kinachovunja moyo wa kwaya kama ibada kuanza bila besi. Lakini dawa anayoipendekeza itatumaliza mifuko na ugonjwa utabaki palepale. Besi nyingi zinazoitwa mbovu katika mji huu si mbovu. Zimekosa mtu wa kuzitunza.

Mimi ni seremala, na besi nimeipiga tangu ujana wangu, kwanza katika okestra ndogo za Kamalondo, kisha katika kwaya ya kanisa huku Katuba ninakopiga hadi leo. Kwa kuwa mbao nazijua na tupa ninayo, watu walianza kuniletea magita yao, na kazi hiyo sasa inanishughulisha kuliko milango na vitanda. Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyashika kwa mikono.

Kwanza tuitazame hewa yetu. Mvua zinaanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo hewa imelowa na milango inakwama kwenye fremu. Mei zinakoma, na hadi Oktoba ni ukavu mtupu na vumbi jekundu, midomo inapasuka, na usiku wa Juni na Julai watu wanavaa makoti. Mbao zote za mji huu zinavimba na kusinyaa kwa kufuata mwendo huo, na shingo ya gita ni ubao.

Tena ni ubao wenye mzigo. Nyuzi nne za besi zikishakazwa hadi sauti yake, kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, hata gita likiwa limelala kwenye mfuko wake. Ili shingo isipinde kama upinde, watengenezaji hutia ndani yake ufito wa chuma wenye nati upande mmoja, ama kichwani ama pale shingo inapoingia kwenye mwili. Nati hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kiwanda peke yake. Iliwekwa ili mwenye gita aigeuze majira yanapobadilika. Wakati wa mvua ubao unakunywa unyevu, shingo inainama mbele, nyuzi zinakwenda juu na vidole vinaumia, nati inakazwa. Wakati wa kiangazi ubao unakauka, shingo inanyooka kupita kiasi au inapinda kinyume, nyuzi zinagonga freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo, za karibu na kichwa na sauti inakuwa ya kukoroma, nati inalegezwa. Robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, kisha unaacha gita litulie, unapima tena. Anayekaza mzunguko mzima kwa pupa ndiye anayevunja chuma, na chuma kikivunjika ndani ya shingo, hapo kweli kuna msiba.

Katikati ya kiangazi, mama mweka hazina wa kwaya moja ya Ruashi aliniletea besi imefungwa kwenye kitenge. Yamaha ya nyuzi nne, rangi nyeusi, mwili hauna hata mkwaruzo mkubwa.

«Papa, hii gita ilishakufa,» aliniambia. «Kamati inasema tuiuze tu, tununue ingine.»

Nilisimamisha besi juu ya kiatu changu, nikachungulia kutoka kichwani kuelekea kwenye daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili, vile tunavyochungulia ubao kabla ya kuupiga randa. Shingo ilikuwa imepinda kinyume kidogo sana, jicho lisilozoea lisingeona. Nikaubana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Hapo uzi wenyewe unageuka kuwa rula, na unatazama katikati, karibu na freti ya nane: panatakiwa nafasi ya milimita 0.3 hivi, unene wa kadi ya jina. Kwenye besi ile hata karatasi ya daftari haikupita. Nikachukua ufunguo wa pembe sita, nikalegeza robo mzunguko, nikaiegemeza ukutani, tukazungumza habari za watoto. Nikapima, nikalegeza tena kidogo. Kadi ikapita. Nikapiga noti ya kwanza kabisa, ile ya uzi mnene, ikatoka safi, ndefu, bila kukoroma.

«Ni hivyo tu, Papa?»

Haikuwa hivyo tu. Ubao wa vidole ulikuwa umesinyaa na ncha za freti zimechomoza pembeni. Mpigaji wao alikuwa anajikata kiganja na kudhani ndivyo besi zilivyo. Nikabandika utepe wa karatasi kulinda mbao, nikazisawazisha kwa tupa laini. Halafu tundu la kuchomekea kebo lilikuwa linazunguka ovyo kwa sababu nati yake imelegea. Ukiona besi ya kwaya inakata sauti katikati ya wimbo, anzia hapo: kila kebo inapochomekwa tundu linazunguka, waya mdogo uliolehemiwa kwa nyuma unasokoteka mpaka unakatika. Kulehemu waya ule ni kazi ya muda wa kunywa chai. Besi ilirudi Ruashi jioni ileile na Jumapili ikapigwa. Nilifurahi kama aliyeona mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani.

Kuna besi nyingine nilizoletewa kwa ugonjwa mdogo kuliko huo. Nyingi za kisasa zina saketi ya ndani inayotumia betri ya volti 9. Kebo ikichomekwa, betri inaanza kuliwa, hata kama hakuna anayepiga. Wapigaji wetu wanamaliza mazoezi, wanaliegemeza gita na kebo yake ndani, wanakwenda nyumbani. Baada ya muda sauti inakuwa nyembamba, inapasukapasuka, kisha kimya, na kamati inaandikiwa barua kwamba besi imeungua. Chomoeni kebo. Na kama besi itakaa bila kupigwa kwa miezi, toeni betri kabisa, kwa sababu ikivuja inakula vyuma vya kijumba chake.

Wanaosema chombo hiki hakitengenezeki wakumbuke kilitoka wapi. Mmarekani Leo Fender, aliyetoa besi ya umeme iitwayo Precision Bass mwaka 1951 huko California, hakuwa mpiga gita. Alikuwa fundi wa redio, mwenye duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Ndiyo maana shingo aliifunga kwenye mwili kwa skurubu nne: ikiharibika unaifungua na kuweka nyingine. Daraja lina skurubu zake, kila uzi na wake, funguo za kichwani za kukazia nyuzi zina skurubu, kila kitu kinafunguka. Karibu besi zote zinazouzwa leo kwa bei ya kwaya zinafuata mpango huohuo, na urefu uleule wa uzi, inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo. Kwa hiyo vipuri vya moja mara nyingi vinaifaa nyingine.

Na sisi watu wa Katanga tunapaswa kuwa wa kwanza kukiheshimu. Fungua mikro ya besi, kile kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme: ndani kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara juu ya sumaku. Sumaku za mikro nyingi nzuri ni za alniko, mchanganyiko wa chuma, aluminiamu, nikeli na kobalti, na katika aina inayotumika zaidi kobalti inakaribia robo ya uzito. Shaba na kobalti, Bwana Mhariri! Tena kampuni ya Warwick ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1982, ilijulikana kwa shingo za besi zilizochongwa kwa mti wa wenge, mti wa misitu ya bonde la Kongo. Inaniuma kuona udongo wetu na miti yetu vinarudi kama chombo tunachokitupa stoo kwa kukosa ufunguo wa pembe sita.

Sasa juu ya kununua. Sikatazi mtu kununua mpya. Kwa anayeanza, besi mpya ya ngazi ya chini kutoka Yamaha, Ibanez au Squier, ambalo ni jina la Fender wenyewe kwa magita yao ya bei nafuu, ni chombo cha kuaminika; huko nje inapatikana kwa dola 200 hadi 300 hivi, kabla ya usafiri na ushuru wa mpakani Kasumbalesa. Lakini hata mpya inataka kurekebishwa ikifika, kwa sababu imetoka kiwandani Indonesia au China, imepita baharini, imepanda lori, imeingia kwenye hewa yetu. Muuzaji akikwambia «imetoka kwenye boksi, iko tayari», mshukuru kisha uipime mwenyewe.

Ninachokipenda zaidi, nasema wazi, ni besi kukuu iliyotengenezwa vizuri. Mbao zake zimeshatulia, na kwa fedha ileile unapata chombo cha daraja la juu zaidi. Kipya kinyemi, kingawa kidonda, walisema wazee, na katika maduka ya magita usemi huo unaonekana kila siku: besi inayong'aa kama gari la arusi, funguo zake zinateleza na freti haziko sawa.

Ukienda kutazama besi iliyotumika, nenda mchana, usiende usiku wala kwenye baa yenye kelele. Usianze na rangi. Anza na shingo: ichungulie pande zote mbili. Ikiwa imepinda mbele au nyuma kwa usawa, nati itairekebisha. Ikiwa imejisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, rudisha, mshukuru mwenye nayo, ondoka. Omba ruhusa ya kuijaribu nati. Ikiwa tundu lake limeliwa na kuwa duara, au imekazwa hadi mwisho na bado shingo imeinama, hiyo si bei tena, hiyo ni hasara. Kisha piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, kuanzia chini hadi juu, hata kama muuzaji anakosa subira. Freti moja inayokufa sauti unaisikia tu ukiipiga. Angalia maungio ya shingo na mwili kama yana ufa, na nyuma ya kichwa kama pameunganishwa kwa gundi. Magita mengi yamevunjika kichwa kwa kubebwa nyuma ya pikipiki bila mfuko mgumu. Mwisho, chomeka kwenye ampli, yaani kikuza sauti, zungusha vitufe vyote. Vikikwaruza, usiogope, hilo ni vumbi letu na dawa ya kusafishia viungo vya umeme inalimaliza. Ampli ikinguruma na mngurumo ukakoma unapogusa nyuzi, hapo pia usikate tamaa mapema, lakini punguza bei, kwa sababu kuna kazi ya kuzuia kelele ndani.

Jina lililoandikwa kichwani lisikutie wazimu. Kibandiko cha Fender kinachapishwa popote, na nimeona kimebandikwa juu ya magita ambayo hayakufanana na Fender hata kwa umbo la kichwa. Namba ya gita, skurubu, funguo na uzito wa mbao vinasema ukweli kuliko kibandiko. Na besi isiyo na jina kubwa, yenye shingo iliyonyooka, nitaichukua mbele ya yenye jina kubwa na shingo iliyosokotwa.

Kuhusu nyuzi tano, najua vijana watanikasirikia. Kila kwaya sasa inataka besi ya nyuzi tano. Uzi wa tano unashuka hadi mitetemo 31 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi ya kawaida uko kwenye 41. Spika za makanisa yetu mengi haziwezi hata hiyo 41 kwa heshima. Mnalipia sauti ambayo waumini hawataisikia, na shingo inakuwa pana na nzito kwa mvuto wa uzi mwingine. Besi za nyuzi tano zilienea miaka ya 1980. Kabla ya hapo Kongo nzima ilikuwa imeshachezeshwa na nyuzi nne: Decca Mpudi na Flavien Makabi katika bendi ya OK Jazz, Bapius Muaka katika bendi ya Zaïko Langa Langa. Tena huku kwetu Katanga, kabla besi ya umeme haijatufikia, kidole gumba cha mpiga gita ndicho kilichofanya kazi hiyo. Wanaotaka ushahidi wasikilize sahani za Mwenda Jean-Bosco, mwana wa Bunkeya, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Gumba linatembea chini, bila haraka, na huhitaji mtu wa kukueleza mguu wako ukanyage wapi.

Fedha ya uzi wa tano iwekwe kwenye ampli. Ninaona besi zinachomekwa kwenye ampli ndogo za gita la solo, zinapigwa kwa nguvu, na karatasi ya spika inapasuka. Halafu lawama inakwenda kwa besi. Ampli ya besi ina spika kubwa zaidi na kabati lililojengwa kwa sauti za chini. Na tahadhari kwa wenye ndugu Marekani wanaotutumia vyombo: ampli ya kule imetengenezwa kwa volti 120, na ukuta wetu una 220. Someni maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Nyingine zina swichi ya kubadilisha, za kisasa kabisa zinakubali zote, lakini iliyoandikwa 120 peke yake bila transfoma inaungua kabla hujamaliza kusema amina. Umeme ukikatika katikati ya ibada, mtu mmoja apewe kazi ya kuchomoa ampli na kusubiri umeme utulie ukirudi.

Nyuzi ni jambo fupi. Jasho na mafuta ya vidole yanaingia kwenye mizunguko ya waya na sauti inakufa. Futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na aliyekula sambusa anawe kwanza. Nyuzi zilizokufa zinaweza kuchemshwa kwenye maji safi dakika kumi, au kulazwa kwenye alkoli ya duka la dawa, kisha zikaushwe kabisa. Uhai unarudi, ingawa kwa muda. Nyuzi za uso laini ni ghali zaidi ila zinadumu sana na zinaipenda rumba. Msifunge waya wa breki ya baiskeli, ninawasihi. Unakula freti, na kubadilisha freti ni kazi kubwa kuliko bei ya nyuzi.

Ufunguo nao uwe wenyewe. Magita ya asili ya Marekani hutumia vipimo vya inchi, ya Asia mara nyingi milimita. Tundu la inchi 3/16 ni milimita 4.76, ukiingiza ufunguo wa 4.5 utaingia, utateleza, na utalila tundu. Ule ufunguo mdogo unaokuja ndani ya boksi, ambao watoto huufanya mchezo, ufungwe kwa uzi kwenye mfuko wa gita.

Kwa hiyo ninaziomba kamati za kwaya na viongozi wa okestra waandike katika bajeti yao mstari wa matunzo: seti ya nyuzi, betri, na marekebisho mawili kwa mwaka, mvua zinapoanza na zinapokoma. Wamteue kijana mmoja mwenye mkono mtulivu, au binti, awe mlinzi wa vyombo, na asiwe lazima mpigaji bora.

Ombi langu la pili ni kwa shule za ufundi za mji huu. Zina chumba cha mbao na zina chumba cha umeme, na matengenezo ya magita yanahitaji hivyo viwili tu vikutane. Vijana wanaomaliza hapo wangepata kazi, maana hakuna mtaa wa Lubumbashi usio na kwaya wala okestra. Mkuu wa shule atakayekubali, mimi niko tayari kuja kufundisha Jumamosi bila malipo, na vifaa vyangu nitavileta. Nitahitaji meza imara yenye jiliwa, dirisha lenye mwanga mzuri, na wanafunzi wachache, kila mmoja na gita moja lililotolewa stoo kwao.

Seremala na mpiga besi,
Katuba, Lubumbashi